Ugonjwa wa Akili Hauanzi Kama Tunavyouona Kwenye Runinga

Tangu vituo vya televisheni vilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, tamthilia na filamu zimewajengea wengi wetu sura moja tu ya mgonjwa wa akili: nywele zimesokotana, nguo zimechanika, anaokota makopo na kucheka peke yake huku watoto wakimzomea. Mara nyingi chanzo chake ni dhuluma aliyoitenda au uchawi wa mke mwenza. Hadithi inapokaribia kwisha, huombewa au huogeshwa dawa, akazinduka papo hapo na kuuliza yuko wapi.

Sura hiyo yaweza kuitosha filamu ya saa moja na nusu. Lakini familia yenye mgonjwa ikiifuata itapotea mara mbili, kwani inaficha jinsi ugonjwa unavyoanza na inapotosha kuhusu jinsi unavyotibiwa.

Ugonjwa wa akili kwa kawaida huanza nyumbani, tena polepole. Kijana aliyekuwa hodari darasani huacha kulala, hujifungia chumbani, hukataa chakula akihofia kimetiwa sumu, au hujibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Mama aliyejifungua hukosa furaha na kulia kila siku. Baba mchapakazi hupoteza hamu ya shamba, ya chakula na ya mazungumzo. Hali ya namna hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona. Kwa kuwa hakuna aliyevua nguo barabarani, sisi husema ni uvivu, ujeuri au bangi. Miezi hupita, na mgonjwa hufikishwa kwenye tiba akiwa amezidiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Watu hao hawawezi kuwa wale wa majalalani pekee. Wamo maofisini, sokoni, madarasani na katika nyumba zetu.

Kuhusu tiba, hakuna kuzinduka kwa ghafla. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na baadhi ya magonjwa, kama skizofrenia, huhitaji dawa kwa muda mrefu, pengine miaka. Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Mgonjwa anapata nafuu, nyumba nzima inaamini amepona, dawa zinaachwa bila ushauri wa mtaalamu, ugonjwa unarudi, kisha lawama zinatupiwa dawa. Anayependa kumwombea mgonjwa wake na aendelee kumwombea, lakini dawa zisikatizwe.

Runinga pia humpa mgonjwa panga mkononi. Ukweli ni kwamba wengi wa wagonjwa hawa si watu wa fujo; wao ndio hupigwa, hubakwa na kunyang'anywa mali. Ugonjwa wao hauambukizwi kwa kugusana wala kula pamoja, na kumfunga mtu minyororo si tiba. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumpokea na kumhudumia mgonjwa hospitalini.

Hata jina la Hospitali ya Mirembe, Dodoma, tumeligeuza kuwa tusi. Anayetaniwa kila siku kwamba "ametoroka Mirembe" ataona aibu kusema kwamba anahitaji msaada. Isitoshe, si kila mgonjwa anahitaji safari ya Dodoma.

Mwananchi anayeona dalili tulizozitaja ampeleke mgonjwa katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo atapimwa kwanza, kwa maana malaria kali na kisukari navyo vyaweza kuvuruga fahamu. Ikibidi, atapewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Ni vyema aende na ndugu anayeweza kueleza dalili zilianza lini. Familia iliyoelemewa, au jirani anayejua kuwa kuna mgonjwa aliyefungwa au kutelekezwa, atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa ili Afisa Ustawi wa Jamii afahamishwe. Anayesema kwamba anataka kufa asipuuzwe wala kuachwa peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Hatuwataki wananchi wazime runinga zao. Tunawaomba, watoto wanapomcheka "chizi" wa kwenye filamu, mzazi aliye karibu awaeleze kwamba huyo ni mwigizaji, na kwamba mgonjwa halisi ni mtu mwenye jina, mwenye ndugu na anayeweza kutibiwa.