Mzee anasahau, lakini angali anajifunza

Mama mzee anauliza mara tano kama baba amerudi toka machimbo ya Manguredjipa. Usiku anatoka nje, anatafuta nyumba ya utoto wake. Majirani wananong'ona: ni mulozi. Kwa neno hilo wazee wamefukuzwa, wengine wamepigwa. Hapana! Ni ugonjwa wa ubongo, bulozi hamuna. (Lakini akichanganyikiwa kwa gafula, siku moja ao mbili tu, mpeleke hospitali mbio: pengine ni malaria.)

Ugonjwa huu wa kusahau hauna dawa ya kuuponya. Ila akili inayobaki inataka kazi. Huko Hai, Tanzania, wagonjwa wazee walikusanyika mara 14 kwa majuma 7, wakiongea na kufanya michezo pamoja. Matokeo yaliyochapwa 2017 yalionyesha kwamba akili yao ilipata nafuu, na wasiwasi ukapungua.

Sisi wa Butembo na Beni tuko na kahawa ya kuchambua na maharagi ya kutoa mawe. Weka kazi mbili mbele yake, achague mwenyewe; akichoka, mwache. Usimpime kama mwalimu: "Mimi ni nani?" Hiyo inamletea haya. Sema, "Koko, ni mimi mjukuu wako," halafu umuulize mawazo yake: hii kahawa ni nzuri?

Na nyinyi vijana, mumwombe awafundishe wimbo wa Kinande. Wimbo unaweza kubaki hata majina ya watoto yakipotea. Akichanganya tena maharagi na mawe, musimcheke. Mumpe tena kesho.