Je, Wajua? Bega Likitikisika, Mwizi Anasonga

Umeliona gari likijipandia mlima kule Kituluni, Machakos, ukadhani umemaliza maajabu? Bado! Sogea hapa benchini nikupe ya besiboli.

Je, wajua kwamba katika besiboli wizi ni halali? Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza anaruhusiwa kuchomoka hadi cha pili, mita 27.4, mrushaji akishughulika na mpigaji. Rickey Henderson wa Marekani aliiba vituo mara 1,406, na mpaka leo hakuna aliyemfikia!

Mrushaji naye anaweza kugeuka ghafla na kurusha mpira kituoni ili amnase mwizi. Lakini akiwa amekanyaga kibao anachorushia, akijifanya anarusha kituo cha kwanza kisha asirushe, amefanya kosa liitwalo boki. Adhabu yake? Kila mkimbiaji anasonga kituo kimoja, bure kabisa!

Sikia hii: kitabu cha sheria kinataja makosa 13 ya namna hiyo. Kukiwa na mkimbiaji kituoni, mpira ukimponyoka mrushaji akiwa kibaoni, boki! Akisimama kibaoni bila mpira, boki! Kusema "imeniteleza tu" hakumsaidii.

Hata upepo umewahi kumponza mtu. Tarehe 11 Julai 1961, kwenye mechi ya nyota huko San Francisco, upepo ulimyumbisha mrushaji Stu Miller akijiandaa kurusha. Refa hakuuadhibu upepo. Boki ilimwangukia Miller!

Unafikiri boki moja ni aibu? Mrushaji Bob Shaw alifanya 5 katika mechi moja, tarehe 4 Mei 1963. Na mwaka 1988, marefa walipokazia sheria ya kutulia tuli kabla ya kurusha, boki za ligi kuu ya Marekani ziliruka kutoka 356 za mwaka uliotangulia hadi 924!

Haya, hesabu nami. Tarehe 27 Septemba 2022, Richard Bleier wa Miami Marlins alifanya boki 3 mbele ya mpigaji mmoja tu. Mkimbiaji Jeff McNeil alitoka kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, akafika nyumbani na kupata pointi bila kutokwa jasho. Kabla ya siku hiyo, Bleier hakuwa na boki hata moja ligi kuu!

Sasa geuza upande. Tarehe 24 Agosti 1983, Baltimore Orioles waliishiwa wadakaji, wale wanaodaka mpira nyuma ya mpigaji, wakamweka Lenn Sakata ambaye hiyo haikuwa kazi yake. Wapinzani wao wa Toronto wakanusa wizi rahisi, wakasogea mbali na kituo. Mrushaji Tippy Martinez akawanasa watatu mfululizo katika awamu moja!

Fainali nazo hazikusazwa. Tarehe 27 Oktoba 2013, Koji Uehara wa Boston alimnasa Kolten Wong kituo cha kwanza, mechi ikaishia papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza mechi ya fainali za ligi kuu kumalizika hivyo.

Shika na hii: tangu 2023, mrushaji wa ligi kuu anaruhusiwa kujaribu kumnasa mkimbiaji mara 2 tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu na asimtoe mkimbiaji, ni boki. Wezi walichekelea: wizi ulipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503!

Kuna aliyefanya boki makusudi, usicheke! Mwaka 2019, Kenley Jansen wa Dodgers alimsukuma mkimbiaji kutoka kituo cha pili hadi cha tatu kwa hiari yake. Aliogopa kwamba pale cha pili jamaa angechungulia ishara za mdakaji na kumtonya mpigaji. Dodgers wakashinda 5-3!

Na hapa kwetu Afrika Mashariki? Mwaka 2012, watoto wa Lugazi, Uganda, waliifunga timu ya Oregon 3-2 kule Williamsport, Marekani, wakawa Waafrika wa kwanza kushinda mechi katika mashindano hayo ya dunia ya watoto. Boki haikuwasumbua: katika ngazi yao, mkimbiaji haruhusiwi kuondoka kituoni mpaka mpira umfikie mpigaji.

Ila yuko Mganda ambaye makosa yote 13 yanamhusu: David Matoma, mrushaji aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Ukimwona kwenye simu yako, achana na mpira. Mkodolee macho miguuni!