Vuli Inakam: Panda Juu ya Mabati Kabla Mvua Ikushukie

Kama mathe amekupigia wiki hii akiuliza "utakuja lini?", usidhani amekumiss tu. Cheki kalenda. Ni Septemba, jua bado inawaka, na huko home kuna bati imekuwa ikivuja tangu Mei.

Hii story naijua vizuri. Mwaka jana nilimwambia buda "nakam wiki ijayo" mara 3. Mvua ikafika kabla yangu. Sista yangu mdogo alikuwa na mitihani, na vitabu vyake vilikuwa kwenye boksi pale pale maji yalikuwa yanadondoka. Usiku huo buda, na hiyo goti yake mbaya, akapanda ngazi na tochi mdomoni. Hakuanguka, lakini mathe bado hajanisamehe. So wacha nikupe form mapema.

Mbona Septemba?

Mvua ya vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, na mara nyingi Novemba ndiyo hulemea. Shida ni kwamba vuli haina adabu. 2022 ilikataa kunyesha vizuri, ukame ukazidi. Mwaka uliofuata, 2023, El Niño ikaileta yote mara moja, mafuriko kila mahali. Kwa hivyo unajipanga pande mbili: paa iwe tayari kwa maji mengi, na tangi liwe tayari kwa maji kidogo.

1. Tafuta matundu ukiwa ndani

Usianze kwa kupanda juu. Saa sita mchana, ingia ndani, funga madirisha na mapazia, uangalie juu. Kila mahali jua linapenya kama nyota, hapo maji yatapenya pia. Chomeka waya mwembamba kwenye tundu ndiyo ukifika juu uone ni wapi.

Mara nyingi bati haijaoza. Ni raba ya msumari imekauka ikapasuka, ama msumari ulipigwa kwenye bonde la bati, mahali maji yanapita, badala ya mgongoni. Ng'oa ule wa zamani, piga mpya yenye raba mgongoni, kisha uzibe tundu la zamani na silikoni. Silikoni hushika tu mahali pakavu na pasafi. Ukingoja mvua, utakuwa unapaka bure.

2. Safisha gata

Majani, vumbi na viota vya ndege hukusanyika huko kiangazi yote. Mvua ikija, maji yanarudi ukutani badala ya kwenda kwa tangi. Toa uchafu na mkono (vaa glavu), kisha mwaga jagi ya maji upande ulio mbali na tangi. Yakisimama, gata imelala. Inua huo upande hadi maji yatiririke yenyewe.

3. Sasa piga hesabu

Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwa mita 1 mraba ya paa, hiyo ni lita 1. Sema nyumba yenu ni mita 5 kwa 8, yaani mita mraba 40. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, hizo ni lita 400. Toa kama asilimia 20 inayomwagika na kukauka, unabaki na lita 320. Hiyo ni mitungi 16 ya lita 20. Kama huwa mnanunua mtungi bob 20, hiyo ni 320 bob imeshuka kutoka juu kwa jioni moja.

4. Tangi si la kuwekwa ovyo

Lita 1 ya maji ni kilo 1, so tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Likikaa kwa udongo laini litainama. Jenga msingi ulio sawa kwanza.

Lioshe ndani kabla mvua ianze. Mvua ya kwanza imwage, kwa sababu inaosha paa: vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa tangi ufunike na neti, maana mbu wa dengue hutaga kwa maji yaliyohifadhiwa, na watu wa Mombasa wanajua hiyo noma. Ya kunywa, chemsha.

5. Usipande solo

Mtu mmoja ashike ngazi chini. Kanyaga palipo na misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao. Na kabla ushike bati, angalia nyaya za stima. Kama kuna waya umegusa mabati, shuka, zima stima, uite fundi.

Uko kwa keja ya kukodi? Piga picha za mahali kunavuja, umtumie caretaker sasa, wakati mafundi bado wako free. Novemba simu yake itakuwa na watu 20 wanalia kitu moja.

Hii kazi ni ya siku moja kama mko wawili watatu. Mdogo wako anapitisha misumari, mathe anapika chapo, buda anakaa kwa kiti hapo nje akikukosoa. Mwache akukosoe. Bora goti lake liko chini.

Sasa mpigie mathe, umwambie ni Jumamosi. Na hiyo Jumamosi, fika.