Je, Taa ya Baba Imejaa?

Akina mama wenzetu wa Kakola na vijiji vingine vinavyouzunguka mgodi wa Bulyanhulu wana kazi moja ya jioni ambayo haimo katika vitabu vya mapishi wala vya malezi: kuweka taa ya kichwani ya baba kwenye chaji. Mgodi mkubwa wa hapo, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2001, uko chini ya ardhi, na katika migodi ya namna hiyo taa za wafanyakazi huchajiwa na kukaguliwa katika chumba maalumu. Mchimbaji mdogo anayeshuka kwenye duara hana chumba hicho. Chumba chake ni meza yako ya chakula, na mkaguzi ni wewe.

Taa ikizimika huko chini, mtu haoni ngazi wala matimba yanayozuia udongo. Kwa hiyo jambo hili tusiwaachie mafundi peke yao.

Zamani mchimbaji alifunga kiunoni betri nzito ya risasi. Siku hizi taa nyingi hutumia betri ya lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1991. Wanasayansi watatu walioifanyia kazi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni nyepesi na ina nguvu nyingi. Ila ina udhaifu mmoja: haijui kusema imeshiba. Ukizidi kuijaza itazidi kupokea, mpaka ivimbe au iwake moto.

Basi lazima awepo wa kusema badala yake, naye ni saketi ya kuchaji. Katika taa nyingi za bei nafuu ni kipande kidogo cha bodi chenye chipu iitwayo TP4056. Mwanzoni chipu hii hupitisha umeme kwa kiwango kisichobadilika, mara nyingi ampea 1. Kiwango hicho hupangwa na rezista ndogo iliyo pembeni yake. Betri ikifika volti 4.2, chipu huishikilia hapo hapo na kuacha umeme upungue polepole. Ukipungua hadi sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, hukata kabisa. Ndipo taa nyekundu huzimika na kuwaka ya kijani, au ya buluu katika bodi nyingine.

Kumbe ule wekundu ni taarifa. Unakuambia, "Bado anakula." Usiichomoe kwa sababu tu chai imechemka na baba ana haraka.

Lakini hata kijani chahitaji kusomwa kwa akili. Taa ambayo zamani ilichukua saa tatu kujaa, na sasa yageuka kijani baada ya dakika arobaini ingawa ilikuwa imeisha kabisa, haijawa hodari. Betri imezeeka na tumbo lake limekuwa dogo. Itasema imejaa, na kweli imejaa, ila haitamaliza zamu. Mimi hubandika kipande cha karatasi ukutani na kuandika saa ya kuweka na saa ya kijani. Mume wangu alicheka wiki ya kwanza tu.

Tukisoma Mathayo sura ya 25 tunawakumbuka wale wanawali kumi. Wote walikuwa na taa. Tofauti ilikuwa akiba ya mafuta.

Yako makosa mawili ya nyumbani yanayonitia hofu zaidi. La kwanza ni kuunga bodi hiyo moja kwa moja na paneli ya jua ya volti 12. Paneli hiyo yaweza kutoa karibu volti 20 jua linapokuwa kali, na chipu imetengenezwa kupokea volti 5 kama za chaja ya simu, wala haivumilii zaidi ya 8. La pili ni kuchajia kitandani. Chipu ina mahali pa kuungia kipimajoto cha betri, lakini bodi nyingi za rahisi hazina kipimajoto hicho. Godoro likizuia joto, hakuna wa kuonya. Mimi nilipata chaja moja isiyo na jina ikayeyusha kitambaa changu cha meza; tangu hapo taa hukaa juu ya sahani ya bati, mbali na chandarua, tena watu wakiwa macho. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuitupa motoni, na usiwaachie watoto wachezee.

Tena kuna jambo ambalo mwenzi wako huenda halijui. Tochi ya betri za kawaida hufifia pole pole, mtu akapata muda wa kupanda. Taa nyingi za lithiamu hung'aa vizuri karibu mpaka mwisho, kisha saketi ya ulinzi hukata ghafla ili betri isiharibike kwa kuisha kupita kiasi. Saketi imeilinda betri. Aliyeko shimoni amebaki gizani. Mwulize fundi wako kama anaweza kuweka taa ndogo ya kuonya chaji ikikaribia kuisha. Na kabla baba hajatoka alfajiri, mtilie mfukoni tochi ya pili.