Kazi ya Kujishikiza

Mhitimu aliyepata kazi asiyoitaka husikia ushauri wa aina mbili. Nyumbani anaambiwa aishike hiyo hiyo, maana kazi zenyewe ziko wapi. Wenzake aliosoma nao wanamwambia asijishushe, kwa sababu pale atakapoanzia ndipo atakapoganda. Hofu hiyo ya wenzake ina msingi, ila si mkubwa kama wanavyodhani. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waliwafuatilia wahitimu wa Kanada walioingia kwenye ajira uchumi ukiwa umedorora. Walianza na kipato pungufu kwa takriban asilimia 9, wengi wao wakiwa kwenye kampuni zinazolipa kidogo, na pengo lilichukua kama miaka 10 kuzibika. Kilicholiziba hasa ni kuhama: walitoka kwenye kampuni hizo wakaenda kwenye bora zaidi. Wale ambao chuo na fani zao ziliwapa nafasi finyu ya kuhama ndio waliobaki nyuma moja kwa moja. Kwa hiyo kazi hafifu hupimwa kwa swali moja: ukiiacha, utatoka na nini mkononi?

Tuseme mhitimu wa uhasibu ameitwa na duka la jumla Kariakoo, kwa mshahara ambao robo yake itaishia kwenye daladala. Akiwekwa kaunta kuuza tu, miaka miwili itapita bila kuongeza chochote kwenye wasifu wake. Lakini kama ndiye atakayelinganisha ripoti ya mashine ya risiti za kodi (EFD) na hati za benki kila jioni, kuhesabu mzigo stoo, na kuandaa ritani ya VAT kabla ya tarehe 20, basi anafanya kazi ambayo mwajiri yeyote mjini anaielewa. Siku ya usaili akiulizwa hufanya nini mauzo ya daftari yasipolingana na ya mashine, atajibu kama mtu aliyekutana na balaa hilo. Duka ni lile lile, mshahara ni ule ule, lakini ni kazi mbili tofauti kabisa.

Kuna pingamizi la haki. Mwaka 2017 John Nunley na wenzake walichapisha jaribio la kutuma wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Marekani, wakakuta kwamba wahitimu waliokuwa kwenye kazi zisizohitaji shahada waliitwa kwa asilimia 30 pungufu kuliko waliokuwa kwenye kazi za kiwango chao. Wasio na kazi hawakuadhibiwa hivyo. Hata hivyo, jaribio jingine la huko huko, la Kory Kroft na wenzake la mwaka 2013, lilionyesha kwamba kadiri mtu anavyokaa bila kazi ndivyo simu za waajiri zinavyopungua. Matokeo hayo hayaafikiani kuhusu kukaa bila kazi, lakini hakuna hata moja linalotetea kupokea kazi yoyote ile. Kwa jaribio la Nunley, kinachomharibia mtu zaidi ni kazi isiyohitaji shahada yake.

Atakayesema kwamba mwenye wadogo wa kusomesha hana anasa ya kuchagua, anasema kweli, ila naye apige hesabu. Christopher Blattman na Stefan Dercon walipofuatilia vijana waliopewa kazi za viwandani Ethiopia, waliona kipato chao hakikuzidi sana cha waliobaki na vibarua, afya za baadhi zikaathirika, na wengi wakaacha upesi. Hawakuwa wahitimu wa vyuo, lakini somo la mshahara usiozidi kibarua linawahusu wote. Toa makato ya NSSF, toa asilimia 15 ya mshahara inayokwenda Bodi ya Mikopo kama ulikopeshwa, toa nauli na chakula cha mchana, kisha uangalie kilichobaki.

Ukiamua kuipokea, ingia ukijua njia ya kutoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza, atoe notisi isiyopungua siku 28. Soma mkataba uone kama umeongeza zaidi ya hapo kabla hujatia saini, na siku ya kuondoka usikubali kutoka bila cheti cha utumishi. Ni haki yako kisheria.