Kobe Asiyehesabika wa Upemba

Katika makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani kuna kibao cha mbao cha Waluba kiitwacho lukasa. Si kikubwa. Hulazwa kwenye kiganja, na upande wake wa mbele umejaa shanga na vipande vya kombe. Wazee wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, walipitisha kidole juu ya shanga hizo huku wakisimulia majina ya wafalme, njia walizopita na mahali ilipokaa mizimu. Ukikigeuza kibao utaona mgongo wake umechongwa mistari ya gamba la kobe. Kobe ndiye alama ya Mbudye, na lukasa yenyewe imepewa umbo lake.

Kwa hiyo huko Kabongo, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, makao ya mojawapo ya koo mbili zilizogawana ufalme wa Waluba (nyingine ni ya Kasongo Niembo), kobe si kiumbe mgeni. Amekuwemo katika mambo ya utawala na historia tangu zamani. Lakini ukiwauliza wataalamu wa viumbe kuhusu kobe wa maji wa nchi hiyohiyo, jibu lao ni fupi mno.

Bonde la Lualaba ya juu, penye vinamasi vya Upemba, lina kobe wake ambaye hajulikani kuishi kwingine duniani: Pelusios upembae, kobe wa matope wa Upemba. Alielezwa kisayansi mwaka 1981 na Donald Broadley, mtaalamu wa reptilia aliyefanya kazi zake Zimbabwe. Mwanzoni alihesabiwa kuwa tawi la kobe wa mabwawa ya Okavango, kisha akatambuliwa kuwa spishi kamili. Katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, amewekwa kwenye fungu la wale ambao taarifa zao hazitoshi. Fungu hilo halisemi kwamba yuko salama, wala halisemi kwamba anaangamia. Linasema tu kwamba hakuna aliyemchunguza vya kutosha kuweza kusema lolote.

Mito ya Kabongo, iwe inaelekea Lovoi upande wa mashariki au Lomami upande wa magharibi, mwishowe huingia mto Kongo na kumwagika baharini huko Banana. Kwenye mlango huo wa mto, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina ufuko wake wa pekee, usiofika kilometa 40. Nchi kubwa namna hiyo, bahari kiduchu. Hata hivyo ufuko huo wa Muanda una hifadhi yake, Hifadhi ya Mikoko, iliyoanzishwa mwaka 1992, na kasa hupanda huko kutaga mayai. Wamo kasa wadogo wa rangi ya zeituni wasiozidi kilo 50, na wamo wale wakubwa wenye mgongo wa ngozi, ambao huweza kupita kilo 500 na kupiga mbizi chini ya meta 1,000. Kuhusu viumbe hawa wanaotangatanga katika bahari nzima, sayansi ina maktaba tele. Kuhusu kobe anayekaa kwenye vinamasi vya Upemba, ina kurasa chache.

Sababu moja kubwa ni mwenendo wa mama. Kasa jike huja nchi kavu. Huja usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai yapata mia moja, hufukia, kisha hurudi majini akiacha alama pana kama za trekta. Mtu anayepita ufukweni alfajiri akiwa na daftari na kalamu anaweza kuhesabu alama hizo bila hata kumwona kasa mwenyewe. Akirudi kila siku, msimu baada ya msimu, anapata takwimu. Sehemu kubwa ya elimu ya kasa imesimama juu ya matembezi hayo ya alfajiri.

Mmarekani Archie Carr aliyafanya Tortuguero, Costa Rica, tangu miaka ya 1950. Aliwafunga kasa vibati vya chuma vyenye namba na anwani, akangoja barua za wavuvi waliowanasa mbali. Kwetu Afrika Mashariki, shirika la Sea Sense limewategemea wanavijiji wa pwani ya Tanzania, kuanzia Mafia, watembee fuko zao na kulinda viota. Kwenye kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, ambacho siku hizi bahari hukifunika maji yakijaa, mayai huchimbuliwa na kuhamishiwa ufuko wa Ushongo ili yasizame. Baadaye vikaja vifaa vya setilaiti. Mwaka 2014 watafiti walichapisha safari za kasa waliotoka kutaga katika visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Mmoja aliogelea takriban kilometa 4,000 hadi pwani ya Somalia ndipo akatulia na kuanza kula.

Kazi hiyo inataka subira ambayo wafadhili wengi hawana. Kasa wa kawaida, yaani kasa wa kijani, huchukua miongo miwili na zaidi kufika umri wa kuzaa, na akishafika hatagi kila mwaka. Anayelinda kiota leo atastaafu kabla hajaona matokeo. Lakini matokeo huja. Katika kisiwa cha Aldabra, Shelisheli, uwindaji wa kasa ulipigwa marufuku mwaka 1968. Tangu hapo idadi ya viota imeongezeka zaidi ya mara nne. Na Oktoba 2025 IUCN ilimtoa kasa huyo wa kawaida kwenye fungu la walio hatarini kutoweka na kumweka kwa wale wasiotia wasiwasi mkubwa, baada ya kukadiria kwamba idadi yake duniani imepanda kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Wala hukumu hiyo isingewezekana kama wale waliotembea fukweni miaka ya nyuma wasingeacha hesabu ya kulinganisha.

Viota pekee havitoshi, maana kasa wengi hufia majini, kwenye nyavu. Hapo ndipo mvuvi anapoingia katika utafiti, na mwandishi wa makala hii anaona kwamba somo kubwa kwa watu wa Kabongo liko hapo zaidi kuliko kwenye setilaiti. Huko Watamu, Kenya, shirika la Local Ocean Conservation limejenga utaratibu rahisi: mvuvi akinasa kasa, anapiga simu, watu wa shirika wanakuja, wanampima, wanamfunga kibati, wanamrudisha baharini au wanampeleka kutibiwa akiwa ameumia. Mvuvi hulipwa kiasi kidogo cha kufidia muda na simu yake. Si bei ya kasa, la sivyo watu wangeanza kuwavua makusudi. Kasa waliookolewa kwa njia hiyo wamepita 20,000.

Upande wa pili wa bara, katika ghuba ya Loango karibu na Pointe-Noire, Kongo-Brazzaville, shirika la Renatura limechagua njia nyingine. Mvuvi anayemwachia kasa hapewi pesa, hupewa nyuzi na vifaa vya kushonea wavu. Kasa aliyenaswa huchana wavu, na kumtoa akiwa hai mara nyingi humlazimu mvuvi kuukata zaidi, kwa hiyo fidia inakwenda moja kwa moja kwenye hasara yenyewe. Ni wazo la busara, na ni rahisi kuliiga mahali ambapo noti hupungua thamani kila mwezi.

Pwani ina silaha nyingine ya kumlinda kasa, nayo inatisha. Nyama yake huweza kuua. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Watu saba walikuwa wamekufa kwa njia hiyohiyo Pemba mnamo Novemba 2021. Sumu hiyo huhusishwa na kasa wa baharini, wala haiwezi kutajwa kwa haki kumtisha mtu asile kobe wa mtoni. Kobe wa Upemba hana ulinzi wa namna hiyo. Akiingia mtegoni pamoja na samaki ni kitoweo, basi.

Na wala hana ufuko. Kobe wa jamii ya Pelusios huishi kwenye maji yaliyotulia, penye matete na matope, wakila konokono, wadudu, vyura na samaki. Shingo yao hairudi ndani kwa kunyooka, hukunjwa upande, chini ya ukingo wa gamba. Gamba la tumboni lina bawaba, na kipande chake cha mbele huinuka kufunga mlango, kichwa na miguu ya mbele vikabaki ndani. Maji yakikauka, wengi wao hujifukia matopeni wakingoja mvua. Jike hutoka kutaga, lakini hatagi pamoja na wenzake mahali pamoja panapojulikana. Huchagua sehemu yake ukingoni, na nyasi hufunika alama. Mtu wa daftari na kalamu hana pa kutembea.

Udhaifu wa elimu juu ya jamii hii unaonekana wazi katika kisa cha Shelisheli. Inasemwa kwamba mwaka 1895 Mjerumani August Brauer aliwakusanya huko kobe watatu wa matope. Mwaka 1906 wakapewa jina la seychellensis, baadaye wakaitwa Pelusios seychellensis, na kwa kuwa hakuna aliyewaona tena visiwani licha ya kutafutwa sana, wakaandikwa kuwa spishi iliyotoweka. Kisha mwaka 2013 Heiko Stuckas, Richard Gemel na Uwe Fritz walipima vinasaba vya kielelezo cha makumbusho na kukuta ni kobe wa kawaida wa Afrika Magharibi. Kwa maelezo yao, spishi hiyo haikutoweka, haikuwahi kuwapo. Kwa miaka mingi dunia iliomboleza kobe wa kubuni, huku kobe wa kweli wa bonde la Lualaba akiwa hajapata hata mtu wa kuhesabu mtego mmoja.

Si kwamba Upemba haikutembelewa. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1939, na kati ya 1946 na 1949 Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza msafara mkubwa uliokusanya wanyama, wadudu na mimea kwa maelfu na kujaza mabuku yaliyochapishwa kwa miaka mingi. Wachimbaji wa mambo ya kale nao waliifanya Sanga, kando ya ziwa Kisale, kuwa maarufu kwa makaburi yake tangu mwaka 1957. Lakini miongo ya hivi karibuni imekuwa ya makundi yenye silaha, ujangili na walinzi wa hifadhi kuuawa wakiwa kazini. Chini ya hali hiyo nguvu huenda kwa wanyama wakubwa, na hata hao hali yao ni ya kusikitisha. Hesabu iliyofanywa kwa ndege katika bonde la Kamalondo, humohumo Upemba, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, iliwaona swala wa Upemba kumi tu. Wote waliobaki wakakadiriwa kutofika mia moja. Swala anaonekana kutoka angani. Kobe aliye chini ya magugu ya maji haonekani hata na aliye ndani ya mtumbwi.

Anayemwona ni mvuvi. Samaki wa Kinkondja, Bukama na Malemba-Nkulu, kwenye bonde hilo, hulisha miji ya Katanga, na kila asubuhi mitego na nyavu hutolewa majini kwa idadi ambayo hakuna kituo cha utafiti kingeweza kuimudu. Ndani yake kobe wamo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika: tarehe, mahali, kifaa kilichonasa, urefu wa gamba. Mwalimu wa biolojia wa shule ya sekondari anaweza kuanza kazi hiyo akiwa na utepe wa fundi cherehani, wala hahitaji mkataba na chuo cha Ulaya. Ruhusa ndiyo haikwepeki: sheria ya uhifadhi wa maumbile ya mwaka 2014 inamtaka mtafiti apitie kwa mamlaka husika, na ndani ya hifadhi mamlaka hiyo ni Taasisi ya Kongo ya Uhifadhi wa Maumbile, ICCN.

Kosa la kwanza la anayeanza huwa kwenye picha. Kila mtu humpiga kobe picha ya mgongo, kwa sababu ndiko anakoonekana kobe. Mgongo wa kobe wa matope kwa kawaida umefunikwa mwani na tope, na kobe wa spishi tofauti hufanana sana wakitazamwa kutoka juu. Kusini mwa nchi hii kuna spishi zaidi ya moja, akiwemo Pelusios nanus, aliyeelezwa na Raymond Laurent mwaka 1956, mdogo kuliko wenzake wote wa jamii hiyo, ambaye anaweza kudhaniwa kinda la mwingine. Tofauti ziko tumboni: ukubwa wa kipande kinachoinuka ukilinganisha na kilicho nyuma yake, umbo la mabamba, rangi ya mishono. Kwa hiyo kobe huoshwa kwa maji, hugeuzwa chali kwa muda mfupi, hupigwa picha utepe ukiwa kando yake, kisha kichwa nacho hupigwa kutoka juu na kutoka ubavuni. Baada ya hapo hurudishwa palepale alipotoka, wala asiachiwe kwenye bwawa la karibu na nyumba ya mpiga picha, maana kumhamisha kutoka mto mmoja hadi mwingine ndiko kunakoweza kuzaa kisa kingine kama cha Shelisheli, cha kobe kuhesabiwa mahali pasipo pake.