Herufi Katika Kioo cha Gari
Dereva atokaye Kamina kwenda Kabondo-Dianda kwa gari kuukuu la Kijapani, akiwasha kioo cha ramani kilichomo ndani yake, hukabiliwa na herufi asizozifahamu. Na hata akifaulu kubadili lugha hafaidiki, maana aghalabu ramani iliyohifadhiwa humo ni ya Japani pekee. Afadhali, kwa rai yangu, simu yenye programu ya OsmAnd, itumiayo ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, ambayo ikishapakuliwa haihitaji intaneti njiani. Humo maandishi hukuzwa kwa ajili ya macho ya wazee (yangu yamo), na usiku rangi hufifishwa, nuru isije ikamtia dereva kiwi. Lakini ukuzaji ukizidi, majina ya vijiji husongamana, mengine yakatoweka.